Himbi, Mtaa wa Mawe Kando ya Ziwa Kivu

Anayeingia Goma kwa mpaka wa Grande Barrière, akitokea Gisenyi upande wa Rwanda, huona kwanza uso mzuri wa mji. Ziwa Kivu liko mkono wa kushoto, hoteli zimejipanga ukingoni, na miti ya zamani imetandaza kivuli juu ya lami. Nilivuka kwa miguu, nikagongewa muhuri pande zote mbili, kisha nikamwita motari aliyekuwa ameketi juu ya pikipiki yake kandokando ya barabara. Nilipomtajia Himbi aliuliza, "Himbi kwa nani, papa?"

Swali lake lilikuwa la haki. Kwenye mitaa kama Majengo au Katoyi mtu anaweza kwenda kutembea tu, akakaa kwenye benchi la mama muuza mikate na kupiga soga na wapita njia. Himbi watu huenda kwa mtu. Nyumba zimekaa nyuma ya kuta ndefu za mawe meusi, juu ya kuta kuna seng'enge, geti la chuma limefungwa, na anayefungua ni sentineli, ambaye kwanza atakutazama kupitia kidirisha. Nilimjibu motari kwamba nakwenda kuutazama mtaa wenyewe. Akatikisa kichwa, akawasha pikipiki, tukaondoka.

Himbi iko magharibi ya katikati ya mji, kati ya ziwa na barabara kuu iendayo Sake, ndani ya komini ya Goma. Komini ya pili, Karisimbi, ndiyo iliyobeba mitaa mingi ya watu wa kipato cha chini upande wa kaskazini. Sisi tunaotoka Mwanza tumezoea kumtafuta tajiri juu ya kilima: kwetu ni Capri Point, na ukienda Kampala ni Kololo na Nakasero, huku wanyonge wakiachiwa mabonde na maji ya mvua. Goma mpango huo umepinduka. Mlima hapa ni Nyiragongo, mita 3,470 kwenda juu, na kileleni mna ziwa la moto ambalo usiku hulitia wingu rangi nyekundu. Hakuna mwenye hela anayetaka kuusogelea. Mwenye hela huteremka majini, na asiye nazo hupata kiwanja kule juu kunakoelekea mlimani, ambako ardhi ni rahisi.

Tofauti hiyo inaonekana kwa macho ukiwa barabarani. Upande wa kulia, vijia vinapanda kati ya nyumba za mbao zilizoezekwa mabati, watoto wengi, bidoni za manjano kila mlango. Upande wa kushoto, kuta. Kati ya ukuta na ukuta pana upenyo, na ndani yake linachungulia ziwa.

Nilitaka kujua ukuta wa Himbi unajengwaje, kwa sababu ni kazi inayostahili kutazamwa. Kwenye kiwanja kimoja nilimkuta fundi akijenga uzio mpya na wasaidizi wake wawili. Jiwe linafika likiwa bonge la lava lililopoa, jeusi, lenye matundu madogomadogo kama mkate ulioumuka. Fundi analigeuza, analigonga kwa kiganja, analisikiliza. Kisha anapiga nyundo mara moja mahali alipopachagua, jiwe linafunguka kwa uso ulionyooka, na uso huo ndio utakaotazama barabara. Halafu yanafuata mawe madogo ya kujaza mapengo na saruji ya kushika. Mwisho kabisa, kijana mwenye brashi hupita na rangi nyeupe kwenye viungo, jiwe kwa jiwe, mpaka ukuta mzima unakuwa na ramani ya mistari. Niliuliza kwa nini wasijenge kwa tofali. Fundi akaniambia, "Mawe tunayo bure, papa, mlima unatuletea. Saruji ndiyo inatuua."

Mlima umeleta mawe hayo mara nyingi. Katika kumbukumbu ya watu walio hai uliyaleta Januari 1977, ukayaleta Januari 2002, ukayaleta tena Mei 2021. Ile ya tarehe 17 Januari 2002 ndiyo iliyoubadili mji. Mlima ulipasuka ubavuni, lava ikateremka mpaka uwanja wa ndege, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia, ikapita katikati ya mji na maduka yake, ikaingia ziwani. Zaidi ya watu 100,000 walibaki bila nyumba. Mto huo wa moto ulipita mashariki ya Himbi. Waliokuwa na uwezo walilitia hilo akilini, na wengi waliojenga baada ya hapo walijenga wakielekea magharibi, Himbi kwanza, kisha Kyeshero, kisha mbele zaidi.

Lakini lava peke yake haijengi ghorofa. Hela za Himbi zina historia yake, na historia hiyo inaumiza.

Goma ilipofanywa makao makuu ya Kivu Kaskazini mwaka 1988, Kivu ya zamani ilipogawanywa sehemu tatu, ilikuwa bado mji mdogo wa mpakani. Mobutu alikuwa na kasri lake kando ya ziwa, na wakubwa wachache walikuwa na nyumba za mapumziko. Julai 1994, ndani ya siku chache, mamia ya maelfu ya wakimbizi walimiminika kutoka Rwanda. Kipindupindu kikawaua makumi ya maelfu, na kwa kuwa ardhi ya Goma ni mwamba, hata kaburi lilikuwa gumu kuchimbika. Miili ikalazwa kando ya barabara. Mashirika ya misaada yakaja kutoka kila upande wa dunia. Kila shirika lilitaka ofisi, bohari, maegesho ya magari na nyumba ya kulaza wageni, na nyumba za namna hiyo zilikuwa huku chini, karibu na maji. Wenye nyumba wakaanza kulipwa kodi kwa dola.

Ikafuata vita ya 1998. Waasi wa RCD waliifanya Goma makao yao, mji ukatawaliwa nao hadi amani ya 2003. Mwaka 2000 bei ya tantalamu, madini yanayotoka kwenye koltani ya Masisi na Walikale, ilipanda ghafla katika soko la dunia, na kwa muda mfupi hela nyingi zikapita Goma. Zilipita kwenye mikono ya wanasiasa, wanajeshi, wafanyabiashara na madalali. Kisha kikaja kikosi cha amani cha Umoja wa Mataifa, MONUC, ambacho mwaka 2010 kiliitwa MONUSCO, pamoja na mashirika mapya yaliyokuja kwa ajili ya wakimbizi wa ndani. Watafiti Karen Büscher na Koen Vlassenroot walichapisha mwaka 2010 uchunguzi wao juu ya jinsi uwepo wa mashirika ulivyoupa mji wa Goma sura mpya: kodi zikapanda, ajira zikazaliwa, na mitaa ya wageni ikajitenga na mitaa ya wenyeji.

Nimesikia watu wakiwasema vibaya wenye nyumba wa Himbi, kwamba walitajirika kwa machozi ya wenzao. Mimi sioni hivyo. Mkongo wa umri wangu aliona akiba ya wazazi wake ikiyeyuka katika mfumuko wa bei wa Zaire mwanzoni mwa miaka ya 1990, noti zikabadilishwa, benki zikashindwa kuwapa watu hela zao wenyewe. Aliona majeshi yakiingia na kutoka. Mtu wa namna hiyo akipata dola elfu kumi, azipeleke wapi? Alizipeleka kwenye mawe. Ng'ombe wa Masisi waliibwa, duka liliporwa, lori lilitekwa njiani. Ukuta wa lava wenye unene wa mkono mzima ulibaki mahali pake. Ninapolitazama jumba la Himbi lenye nguzo nne mbele na vioo vya bluu, naona woga uliofanya kazi kwa bidii, na ninauheshimu.

Woga huo umeandikwa mpaka ukutani. Kwenye viwanja vingi pameandikwa kwa rangi nyekundu, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, kwamba parseli hii haiuzwi. Ni onyo kwa matapeli, maana kiwanja kimoja huweza kuuzwa kwa watu watatu wenye hati tatu, kila hati ikiwa na muhuri. Mwenye mali akisafiri, akirudi anaweza kukuta mtu amekwisha kuchimba msingi.

Nilikuwa Himbi mwaka 2025, miezi kadhaa baada ya waasi wa AFC/M23 kuuteka mji mwishoni mwa Januari. Vita ya siku hizo iliua watu wengi mno, na hospitali zilijaa majeruhi. Umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa, watu wakaenda kuchota ziwani chini ya milio ya risasi. Uwanja wa ndege ukafungwa. Benki zikafunga milango, na hela taslimu ikawa adimu, hata ikabidi kulipa kamisheni ili kutoa hela yako mwenyewe kwenye simu. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ikalivunja shirika lake la misaada, USAID, na mashirika mengi yaliyoishi kwa fungu hilo yakapunguza watu au kufunga kabisa. Pigo hilo liliangukia kambi na zahanati kwanza. Lakini liliangukia Himbi pia.

Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, aliyenitembeza, kijana msafi mwenye viatu vilivyong'arishwa na simu mbili, alikuwa na funguo za nyumba nyingi kuliko nilivyotarajia. Zamani, alisema, mteja ndiye aliyekuwa akimbembeleza mwenye nyumba: garanti ya miezi sita, wakati mwingine mwaka mzima kwa mkupuo, na bei haipungui hata kwa dola hamsini. "Sasa mwenye nyumba mwenyewe ndiye anauliza, unaweza ngapi?" Alinifungulia nyumba ya vyumba saba. Jenereta lilikuwa limeondolewa, likaacha alama ya mafuta sakafuni. Kwenye ukuta wa sebule palibaki misumari minne na kivuli cha ramani iliyotundikwa kwa miaka. Jikoni, juu ya kabati, mtu alikuwa amebandika ratiba ya madereva.

Mwenye nyumba hiyo alikuja kuonana nasi. Ni mama mtu mzima, mjane, aliyejifunga kitenge na kuvaa sweta, maana jioni ya Goma ni ya baridi. Nilimsalimia shikamoo kwa mazoea ya kwetu. Akacheka kidogo, akaniitikia kwa kunishika mkono kwa mikono miwili. Nyumba aliijenga na marehemu mume wake kwa faida ya maharage na mafuta ya mawese, chumba kimoja kila walipopata, kwa muda wa miaka mingi. Kodi ya wageni ndiyo iliyosomesha watoto wake, wawili kati yao hapohapo Himbi, kwenye chuo kikuu cha ULPGL. "Bazungu beshaenda," alisema, "mimi nabakia na mawe." Kisha akamgeukia komisioneri na kumwambia kwamba kama kuna familia tatu za Kikongo zinazoweza kugawana vyumba, azilete, atawawekea na jiko la nje.

Jambo hilo nililiona mahali pengine pia. Geti lililokuwa na nembo ya shirika limepakwa rangi upya, na ndani mna shule ya awali, watoto wenye sare wanaimba chini ya muembe. Karakana ya magari makubwa imekuwa ukumbi wa harusi. Kwenye baraza ya jumba moja kubwa nilihesabu majiko matano ya makaa, kila jiko na mama wake na sufuria yake ya sombe. Himbi iliyofungwa kwa miaka thelathini inaanza kukaliwa na watu wa mji wake, kwa bei wanayoiweza, na ingawa imeletwa na msiba sitaki kuliita jambo baya.

Lililonisumbua zaidi ya majumba ni maji. Mtu anasimama Himbi, mbele yake lipo ziwa lenye kina cha karibu mita 480 mahali pa kina zaidi, na bado mtu huyo ananunua maji kwa bidoni. Regideso, shirika la maji la taifa, inasukuma maji kutoka ziwani, lakini mji umekua kuliko mabomba na pampu zake. Umeme umepiga hatua kubwa zaidi: kiwanda cha Matebe kwenye mto Rutshuru, kilichojengwa na Hifadhi ya Taifa ya Virunga na kuanza kazi mwishoni mwa 2015, kinaleta megawati zipatazo 13, na taa za barabarani zimefanya sehemu kubwa ya mji ipitike usiku. Maji yamebaki nyuma. Katika nyumba za Himbi kuna matenki ya mvua na ya kujaziwa na lori. Kwa wa kaskazini, ambako mji unapanda na bomba halina nguvu, kuna mgongo wa mama na chukudu ya kijana, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo.

Asubuhi moja nilikwenda kwenye upenyo mmoja kati ya kuta mbili ndefu, mahali ambapo watu wameachiwa njia ya kufika ziwani. Upana wake hauzidi hatua sita. Watu walikuwa wamejaa: wanawake wanafua, wavulana wanaoga, wasichana wa miaka kumi wanavoma maji kwenye bidoni za lita ishirini na kuzibeba kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Chukudu zilikuwa zimeegeshwa juu, kila moja ikisubiri bidoni kumi na zaidi. Nyuma ya ukuta wa kulia palikuwa na bustani ya majani mabichi, ufuko mtupu, na kiti kimoja cha plastiki. Ufuko ni wa watu wote, ndivyo ninavyoamini mimi, na mji unaoishi kwa maji ya ziwa unahitaji njia nyingi kuliko hizi chache zilizobaki. Chanzo cha dhuluma hii kiko kwenye hati za viwanja, na huko ndiko inakopaswa kurekebishwa.

Kutoka Himbi mji unaendelea kujivuta kuelekea Sake. Kyeshero, iliyokuwa mashamba, sasa ina nyumba za ghorofa, hospitali, makanisa yenye vipaza sauti, na soko la Kituku ambako mashua za Minova, Kalehe na Idjwi hushusha ndizi, mihogo na watu. Oktoba 2024 mashua ya MV Merdi, ikiwa imebeba abiria kupita kiasi kutoka Minova, ilipinduka ikikaribia kufika hapo, watu waliokuwa wakisubiri gatini wakiiona. Wengi walikuwa wamepanda mashua kwa sababu vita ilikuwa imefunga barabara. Kila nilipotazama kuta mpya zinazopanda kando ya ziwa, nilikumbuka kwamba ziwa hilohilo ndilo barabara ya wasio na njia nyingine.

Na huku magharibi mna hatari nyingine, isiyo na moto wala sauti. Mzee mmoja wa mtaa wa Lac Vert alinichukua kabla ya jua kupanda mpaka kwenye shimo lililo kati ya viwanja viwili, pana kama chumba. Majani chini yalikuwa yamestawi, na juu ya jiwe alilala mjusi aliyekufa, na karibu naye ndege wawili wadogo. Alisokota nyasi kavu, akaziwasha, akaziinamisha taratibu kwa fimbo. Moto uliwaka vizuri mpaka ulipofika usawa wa magoti yetu kama tungekuwa mle ndani, kisha ukazimika mara moja, kana kwamba umetiwa majini. "Mazuku," alisema mzee, akanivuta shati nirudi nyuma. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka kwenye nyufa za ardhi ya volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia mabondeni usiku na alfajiri wakati hakuna upepo, na huua mbuzi, mbwa na watu. Wenyeji wanayajua mashimo hayo kwa majina. Wanunuzi wa viwanja wanaotoka mjini hawayajui, na wapo wauzaji wanaofukia shimo kwa kifusi na kupima parseli juu yake. Kituo cha utafiti wa volkano cha Goma, OVG, kimeweka mabango ya fuvu la kichwa sehemu kadhaa, lakini mji unakimbia kuliko mabango.

Hivyo mji uliokimbia moto wa kaskazini umejikuta umezungukwa na gesi magharibi na maji kusini, na ndani ya maji hayo mmeyeyuka kaboni dioksidi na methani kwa wingi ambao wataalamu wamekuwa wakiuchunguza kwa miongo. Wenyeji wanayajua hayo yote. Mei 2021, tarehe 27, walipoamriwa kuhama mitaa kumi ya mji kwa hofu ya mlipuko mwingine, mamia ya maelfu walikwenda, wengi kwa miguu, mpaka Sake na Gisenyi, na wiki chache baadaye walirudi, wakafagia majivu, wakaendelea kujenga.

Kule mwisho wa Kyeshero nilikutana na mwalimu na mkewe, muuguzi, waliokuwa wamenunua kipande kidogo cha mwamba. Vijana wawili walikuwa wakichimba shimo la choo kwa mtaimbo na nyundo, wakitoa vipande vya ukubwa wa ngumi. Kazi ya siku nzima ilikuwa imewashusha kina cha kiwiko. Udongo wa bustani utakuja kwa lori, maana hapo hapana hata wa kupandia kitunguu. Kuhusu mazuku walikuwa wameuliza majirani watatu wa zamani kabla ya kulipa, na kwa wiki kadhaa walimfunga kuku kiwanjani usiku.

Walikuwa wakibishana na fundi juu ya tenki. Fundi alitaka likae nyuma, karibu na jiko, ambako bomba lingekuwa fupi. Mama alitaka likae mbele, kwenye uzio, na koki moja itoke nje ya ukuta, majirani wavome bila kupiga hodi. Mumewe aliogopa gharama, akasema watu watamaliza maji yote wakati wa kiangazi. Mama alimjibu kwamba kiangazi ndipo watakapoyahitaji. Fundi alipiga hesabu ya bomba la ziada, akashusha dola tano, na wakakubaliana kwamba koki itatoka nje.